Mbwa wa Poitou: Habari za Mbwa Mkubwa wa Kuwinda wa Wafaransa

Mbwa ni mnyama tuliye naye kila siku, na kwa sababu hiyo hatumfikiri sana. Alfajiri tukienda shuleni twamkuta amejikunja karibu na majivu ya jana. Jioni tukirudi twamkuta amelala palepale. Akiwa mwema twamtupia mfupa, akiiba nyama twampiga fimbo, na akifa twaomba mwingine kwa jirani. Ni wachache kwetu wawezao kusema mama yake mbwa wao alikuwa yupi, wala hakuna ajuaye habari za nyanya yake. Lakini ziko nchi ambako ukoo wa mbwa huandikwa kitabuni, baba kwa baba na mama kwa mama, kama ukoo wa wafalme. Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mbwa mmoja wa namna hiyo, maana ndani ya habari zake mna jambo litupasalo sisi pia.

Mbwa huyu huitwa Poitevin, yaani mbwa wa Poitou. Jina la nchi hii hutamkwa karibu na kusema Pwatu. Poitou iko upande wa magharibi wa Ufaransa, na mji wake mkuu ni Poitiers. Ni nchi ya mashamba ya nafaka, ya malisho, na ya misitu. Katika nchi hii wachungaji wa zamani walikuwa na adui mmoja mkubwa, naye ni mbwa-mwitu.

Tusidanganywe na jina. Yule mbwa-mwitu wa nyika zetu, mwenye mabaka na masikio ya duara, ni mnyama mwingine kabisa. Mbwa-mwitu wa Ulaya, ambaye ndiye atajwaye katika Injili, ni wa rangi ya kijivu, mwenye mwili mkubwa na meno ya kutisha. Wakati wa baridi kali, windo lipunguapo msituni, hushuka karibu na vijiji akanyakua kondoo. Katika karne ya 17 na ya 18 hata watu waliuawa, na wengi wao walikuwa watoto waliotumwa kuchunga peke yao kando ya msitu. Msomaji aliyepata kukesha kwa kumlinda mbuzi asichukuliwe na fisi au chui ataelewa hofu ya watu wale bila kuelezwa zaidi. Ndiyo sababu tangu zamani za Mfalme Charlemagne, yapata miaka 1,200 iliyopita, palikuwa na watu waliowekwa na serikali kwa kazi hiyo tu, ya kuwinda mbwa-mwitu.

Walakini kumwinda mnyama huyo kwa mbwa si kazi nyepesi. Kwanza, mbwa wengi wakinusa harufu yake husimama, manyoya ya mgongo yakawasimama nao, wakarudi nyuma ya miguu ya bwana wao. Pili, mbwa-mwitu hazunguki-zunguki kama sungura. Akishaamshwa hushika njia moja, akaenda mbio mwendo wa saa nyingi, akavuka mito na misitu bila kuchoka. Basi mbwa wa kumfuata yampasa awe na mambo matatu kwa pamoja: pua isiyopoteza harufu, moyo usioogopa, na miguu isiyochoka. Kumpata mwenye moja katika hayo si vigumu. Kumpata mwenye yote matatu, na kumpata si mmoja bali arobaini, ndiyo kazi iliyowashinda wengi.

Zamani za Mfalme Louis wa 14, mwana wake mkubwa, ambaye naye aliitwa Louis na kupewa sifa ya Dauphin, maana yake mrithi wa ufalme, alipenda mno kuwinda mbwa-mwitu. Alikuwa na mbwa wengi walio bora. Hata mwaka wa 1692 bwana mmoja wa kusini ya Poitou, Marquis François de Larrye, akapata mbwa waliotoka katika mabanda ya Dauphin. Akawachanganya na mbwa wa kwake walioijua nchi ile. Watoto waliozaliwa akawachagua: mwenye pua njema akamweka, mwoga akamwondoa, mwenye mbio akamweka, mvivu akamwondoa. Akafanya hivyo mwaka kwa mwaka, na waliomfuata wakafanya vilevile, mpaka akatokea mbwa wa namna mpya ambaye watu wakimwona tu husema, Huyu ni wa Larrye.

Sasa na tumtazame mbwa mwenyewe. Dume lake husimama sentimita 62 mpaka 72 kutoka ardhini hadi begani, na jike hupungua kidogo tu. Mtu mzima akisimama karibu naye, mgongo wa mbwa humfika juu ya goti, wengine karibu na nyonga. Lakini ukubwa huu si wa unene. Kichwa chake ni kirefu na chembamba. Shingo ndefu isiyo na ngozi ya kuning'inia. Kifua kimeshuka chini sana, ila si kipana, kwa hiyo mapafu yana nafasi ya kuvuta pumzi nyingi. Masikio ni membamba na laini, yameanguka kando ya uso na kujipinda kidogo. Macho ni makubwa, ya rangi ya kahawia, yamezungukwa na mstari mweusi kama macho yaliyopakwa wanja. Manyoya ni mafupi yenye kung'aa, na rangi yake mara nyingi ni tatu: nyeupe, nyeusi mgongoni, na ya hudhurungi. Wengine ni weupe wenye mabaka ya rangi ya chungwa. Tena wako wengi wenye manyoya yaliyochanganyika na kijivu, kama manyoya ya yule adui waliyezaliwa kumfukuza.

Wajuao mbwa husema kwamba uzuri wa Poitevin ni kuwa nguvu na wepesi vimekutana katika mwili mmoja. Walakini sifa yake kubwa haionekani kwa macho. Sifa hiyo ni pua, na sauti. Mbwa hawa hawawindi kwa kuona. Huwinda kwa kunusa. Mnyama akiisha kupita, harufu yake hubaki juu ya majani na udongo, nao huifuata harufu hiyo hata kama mnyama mwenyewe yuko mbele kwa mwendo mrefu. Na wakati wote wanapoifuata hulia. Mwindaji aliye nyuma juu ya farasi haoni kitu ila miti, lakini masikio yake humweleza habari yote. Sauti zikiwa nyingi na za pamoja, ajua njia imeshikwa. Zikinyamaza ghafula, ajua harufu imepotea. Na kikisikika kilio kimoja tu, naye akakitambua kuwa ni cha mbwa mzee asiyesema uongo, hugeuza farasi wake akafuata huko. Maana mtunza mbwa mwema hujua sauti ya kila mbwa, kama sisi waalimu tunavyojua sauti ya kila mtoto darasani bila kugeuka ubaoni.

Hapa twaona kwamba mbwa mmoja, hata akiwa bora, si kitu. Nguvu yao imo katika kundi. Palipo na mbwa arobaini wenye mwendo mmoja, mmoja akipotewa na harufu mwingine ataipata. Lakini yule apendaye kutangulia mno huwaharibu wenzake, na yule aliaye bila kunusa kitu huwapoteza wote. Kwa hiyo mchaguaji hakutafuta mbwa wa ajabu mmoja. Alitafuta kundi lenye moyo mmoja.

Lakini historia haifai kusimuliwa upande mmoja. Kundi la mbwa lilikuwa fahari ya mabwana, na mzigo wake ulimwelemea mkulima. Katika Ufaransa ya siku zile haki ya kuwinda ilikuwa ya wakuu. Mkulima aliyeona kulungu au sungura akila ngano yake hakuwa na ruhusa ya kumwua. Tena wawindaji walipokuja na farasi na mbwa, walipita katikati ya mashamba yaliyokuwa na mazao. Mtu huyo alifurahi mbwa-mwitu alipouawa, lakini aliyaona pia mavuno yake yamekanyagwa. Mwaka wa 1789, wananchi walipoandika malalamiko yao kupelekwa kwa mfalme, neno la uwindaji lilikuwamo katika malalamiko ya vijiji vingi. Usiku wa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, wajumbe wa taifa walifuta haki za pekee za mabwana, na haki hiyo ya kuwinda ikaondoka pamoja nazo.

Mapinduzi yale yalipozidi kuwa makali, mabwana wengi walikimbia nchi, na wengine walikatwa vichwa. Nani basi atawalisha mbwa? Mbwa arobaini wakubwa hula chakula kingi kila siku, nao watu wenyewe hawakuwa na mkate. Makundi yakatawanyika katika Ufaransa nzima. Wengine waliuawa, wengine wakatangatanga njiani, na wachache walichukuliwa na watu walioona huruma au walioijua thamani yao. Ukoo wa mbwa wa Larrye ulikaribia kwisha. Baada ya fujo kupita, watu wa Poitou waliowapenda wakaanza kuwakusanya mmoja mmoja na kuwazalisha tena. Kati ya watu hao wa karne ya 19, jina la Émile de la Besge, bwana wa Persac, linakumbukwa.

Ndipo likaja pigo la pili, nalo halikuletwa na siasa. Mwaka wa 1842 kichaa cha mbwa kiliingia katika kundi. Ugonjwa huu twaujua sote. Mbwa mmoja huumwa na mnyama mgonjwa, jeraha hupona, na bwana wake husahau. Baada ya majuma kadhaa, au hata miezi, mbwa hubadilika tabia: hukataa kula, huuma hata mawe na miti, taya hulegea, mate humtoka, asiweze kumeza. Baada ya siku chache hufa. Na kwa kuwa mbwa wa kundi hulala pamoja, hula pamoja, na hugombana pamoja, mmoja akiugua huwaambukiza wenzake kwa kuwauma. Siku hizo hapakuwa na dawa wala chanjo. Kazi iliyoanzwa mwaka wa 1692, iliyopita katika vita na mapinduzi, miaka 150 kamili, ilikaribia kufutwa na mate ya mbwa mmoja.

Waliosalia walikuwa wachache mno kuendeleza ukoo peke yao. Mbwa ndugu wakizalishwa wao kwa wao mara nyingi, watoto huwa dhaifu. Basi mwaka wa 1844 wenye mbwa wakatafuta damu mpya Uingereza, wakawachanganya na mbwa wa Kiingereza wafukuzao mbweha. Mbwa wale walikuwa na mifupa imara, wenye kustahimili, tena wenye mbio. Lakini hakuna dawa isiyo na uchungu wake: katika pua na sauti mbwa wa Kiingereza hakufikia wa Poitou. Kwa hiyo wafugaji walilazimika tena kuchagua kwa miaka mingi, wakizishika nguvu za mgeni bila kuupoteza urithi wa mwenyeji. Poitevin wa leo ni mtoto wa kazi hiyo. Zamani walimwita pia mbwa wa Haut-Poitou, na tangu mwaka wa 1957 jina lake limekuwa Poitevin.

Katika nchi ileile ya Poitou yuko mbwa mwingine aliye jamaa yake, aitwaye Billy, ambaye kundi lake lilianzishwa na Gaston Hublot du Rivault mwaka wa 1877 katika nyumba yake iitwayo Billy. Mwaka wa 1927 kundi lake lilivunjwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mwana wake Anthony aliwaona mbwa wawili tu waliosalia, akaanza upya kwa hao wawili na kwa kuwachanganya na jamaa zao, Poitevin wakiwamo. Twataja habari hii ili msomaji aone jinsi uzi unavyoweza kuwa mwembamba, na jinsi mtu mmoja mwenye subira awezavyo kuufunga tena kabla haujakatika.

Je, mbwa hawa hutunzwaje? Hawakai nyumbani na watu. Hukaa katika banda kubwa lenye ua, na kwa kuwa wamezoea kundi, mmoja akiwekwa peke yake hulia na kukonda. Banda huoshwa kila siku. Vitanda vyao ni mbao zilizoinuliwa kidogo juu ya sakafu, zenye majani makavu, maana unyevu huwaletea maumivu ya viungo. Zamani chakula chao kilikuwa mkate wa shayiri uliolowekwa katika mchuzi wa nyama. Hulishwa kwa utaratibu. Mtunzaji huwaita kwa majina, na mbwa mwenye pupa huzuiliwa ili mnyonge ale. Tena, mbwa mwenye kifua kirefu kama huyu hakimbizwi mara baada ya kushiba, maana tumbo huweza kujaa hewa na kujipinda, naye hufa kwa muda wa saa chache.

Kila siku lazima watembezwe au wakimbizwe. Mbwa aliyeumbwa kwa mwendo mrefu, akifungwa tu, huharibika mwili na tabia. Wakirudi kutoka msituni, mtunzaji huwatazama mmoja mmoja: miguu, kama kuna mwiba au ufa, masikio, kwa kuwa yale yaliyoanguka hayapati hewa na huoza ndani upesi, na ngozi, kama kuna kupe au jeraha. Mbwa mchanga hufundishwa kwa kutembezwa pamoja na wazee wanaojua kazi. Na kila mtoto azaliwaye huandikwa, baba yake na mama yake, sifa yake na kasoro yake. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wafugaji hawa wamelishika neno hilo, ingawa hawajapata kulisikia.

Naye mbwa-mwitu amekuwaje? Msomaji asidhani kwamba alimalizwa na mbwa. Katika karne ya 19 bunduki na sumu zilimpunguza kuliko uwindaji wote wa farasi na baragumu. Kisha sheria ya mwaka wa 1882 ikaongeza zawadi kwa kila aliyemwua: faranga 100 kwa mkubwa mmoja, 150 kwa jike mwenye mimba, na 200 kwa yule aliyewashambulia watu. Mwaka wa 1883 peke yake waliuawa zaidi ya 1,300. Katika miaka ya 1930 mbwa-mwitu walikuwa wamekwisha katika Ufaransa. Poitevin akabaki bila kazi aliyozaliwa kwayo, akageuzwa kuwinda kulungu, paa na nguruwe mwitu. Kisha mwaka wa 1992 mbwa-mwitu wawili walionekana katika milima ya Mercantour, waliotoka Italia kwa miguu yao wenyewe, na wazao wa wale waliokuja wanaendelea kuishi katika nchi. Lakini sasa sheria yawalinda, na wachungaji hutumia mbwa wa namna nyingine, wa kukaa na kondoo na kuwalinda. Uwindaji wa mbwa wenyewe umekatazwa katika nchi kadhaa za Ulaya. Ufaransa ungaliko, na watu hushindana juu yake kwa maneno makali.

Twarudi sasa kwa lile pigo la mwaka wa 1842, maana ndilo lituhusulo. Miaka 43 baadaye, tarehe 6 Julai 1885, aliletwa Paris mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtaalamu Louis Pasteur alikuwa ameitafuta chanjo kwa kazi ya miaka. Mtoto yule akachomwa sindano siku baada ya siku, naye akapona. Tangu hapo ugonjwa ule haukuwa tena mauti isiyo na kizuizi. Wafaransa walichanja mbwa, kisha wakawachanja hata mbweha wa msituni kwa dawa iliyofichwa ndani ya chakula, mpaka kichaa cha mbweha kikaondoka katika nchi yao.

Kwetu bado kipo. Kila mwaka kinaua watu, na wengi ni watoto, wale wale tunaowafundisha kusoma. Sisi hatuna kundi la Marquis, wala hatuhitaji mbwa wa mamia ya faranga. Lakini mbwa aliyejikunja penye majivu yetu aweza kuleta msiba uleule ulioingia katika mabanda ya Poitou, na tofauti ni kwamba sisi tunayo dawa ambayo wao hawakuwa nayo. Wataalamu wametuonyesha kwamba wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Basi bwana wa mifugo atangazapo siku ya chanjo, tusiseme kwamba mbwa ni mbwa tu. Tumfunge kamba tumpeleke, hata kama ni mwendo wa saa mbili. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo akachomwe sindano, asingoje kuona kama mbwa yule ataugua. Dalili zikiisha kumtokea mtu, ni nadra mno kupona.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Poitou walijenga ukuta wao mara mbili, kwa jasho la vizazi. Sisi ufa wetu twauona mapema, na tope la kuuziba limo mikononi mwetu.